Usikubali kujaziwa gesi ya AC ya gari kabla panapovuja hapajaonekana

Mkuu, huyo fundi usimrudie. Umesema gesi uliyojaza hapo Moshi imeisha tena, klachi ya kompresa (kiungio kinachofanya injini izungushe pampu ya gesi) haishiki, na sasa anataka kuunga waya kwenye swichi ya presha ili ishike kwa lazima. Usithubutu!

Mfumo wa AC umefungwa. Gesi yake haitumiki ikaisha kama petroli; ikipungua, imevuja. Na swichi ile ina kazi: gesi ikiwa kidogo inakata umeme wa klachi, maana oili ya kompresa husafiri pamoja na gesi. Gesi ikikosekana oili hairudi, chuma kinasaga chuma.

Mimi nilifanyiwa hivyo hivyo kwenye gereji moja hapa Arusha. Jamaa akaiunga swichi moja kwa moja kwa kipande cha waya, akaongeza gesi, akaniambia, "Bosi, imepona." Kweli ikapuliza baridi. Siku nateremka Moshi, nakaribia Boma Ng'ombe joto limeshakolea, kompresa ikaanza kukwaruza, kisha ikakwama kabisa. Fundi mwingine alipofungua bomba, oili ilitoka ya kijivu. Ukiipaka kidoleni inametameta unga wa chuma. Unga huo ulishafika kwenye kondensa, ile rejeta ya kupoza gesi, na vijia vyake ni vyembamba mno, havisafishiki. Ikabidi kubadilisha kompresa, kondensa, valvu ya ekspansheni inayoshusha presha ya gesi, na drayeri inayofyonza unyevu. Hela ile ningepata ng'ombe wa maziwa. Nilipompigia yule wa kwanza akasema eti kompresa ilikuwa imechoka. Imechoka! Ameiua yeye, na hasira yake ninayo mpaka leo.

Na unajua palipokuwa panavuja? Oringi moja tu, kile kimpira cha duara cha kuzibia, pale bomba linapoungana na kompresa. Pamegandia vumbi lililolowa oili, unapaona kwa tochi ya simu. Anzia hapo: maungio yote, kondensa mbele inakopigwa na kokoto, hata valvu za kujazia. Halafu mafundi wajaze naitrojeni, gesi kavu ya kupimia uvujaji, wapake povu la sabuni, wasubiri. Pakionekana pazibwe, drayeri ibadilishwe, pampu ya vakyumu inyonye hewa na unyevu angalau nusu saa, kisha waifunge waone kama mshale wa geji unatulia. Ukitulia ndipo gesi iingie, kwa uzito ulioandikwa kwenye stika chini ya boneti.

Gereji isiyo na naitrojeni wala pampu ya vakyumu, toa gari. Na kama waya umeshaungwa, zima AC sasa hivi mpaka uutoe.