Jibu: Hao watu wa baiskeli wa Minnesota wana faida gani kwa sisi wa zamu ya usiku?

Ndugu uliyeuliza, umesema umefika Minnesota hapa Marekani juzi juzi, gari bado, na unataka kwenda kazini kwa baiskeli. Mwenzako wa nyumba amekushauri ujiunge na chama cha waendesha baiskeli cha jimbo, nawe unaona hao ni wazungu wa kaptura za kubana wasio na habari na mtu anayetoka kulala macho kwenye nyumba ya wazee. Walionitangulia humu wamekwambia ununue gari, basi. Mimi nitakujibu kwa marefu kidogo, maana hata mimi nilianza na dharau hiyo hiyo.

Kwetu ni Busia. Pale baiskeli ilikuwa kazi, wala si mazoezi. Jina la boda boda lilizaliwa mpakani pale, vijana wakivusha abiria kwa baiskeli kutoka upande wa Kenya hadi upande wa Uganda. Baba yangu mdogo alisomesha watoto kwa karia yenye mto wa sponji. Kwa hiyo nilipofika Brooklyn Park, mji wa hapa Minnesota, nikanunua baiskeli ya mtumba kwa dola 60, nikakaza breki, nikatia cheni mafuta, nikajiona nimemaliza. Nani angenifundisha mimi kuendesha baiskeli?

Mwezi wa Novemba, saa moja asubuhi, ndiyo kwanza kunapambazuka, natoka kazini. Pikapu ikanipita kwa kasi, kisha ikakata kona ya kulia mbele ya tairi langu kana kwamba sipo. Nikaparamia ubavu wake, nikalala lami. Dereva akashuka, mtu mzima mpole, akaniuliza kama nimeumia. Nikajibu kile ambacho sote tungejibu kwa adabu za kwetu: niko sawa, usijali. Akaenda zake. Saa mbili baadaye nilikuwa siwezi kuinua mkono kuvaa shati. Mtulinga ulikuwa umepata ufa.

Hapo ndipo ninapotaka unisikilize. Usiseme "niko sawa". Piga 911, namba ya dharura ya huku, subiri polisi aandike ripoti, piga picha ya namba ya gari. Katika jimbo hili mtu asiye na bima ya gari, wala wa nyumbani kwake hana, akigongwa akiwa kwenye baiskeli, matibabu yake ya mwanzo hulipwa na bima ya gari lililomgonga, hata kabla ya kubishana nani mwenye makosa. Mimi namba sikuchukua. Bili nililipa mwenyewe kidogo kidogo. Na habari hiyo ya bima sikuipata hospitali wala kazini. Niliipata kwenye mkutano wa hao hao watu wa kaptura za kubana, nilipokwenda nimefunga mkono na kitambaa, nikiwa nimebaki na hasira tu.

Kilichonishangaza ni maswali yao. Hakuna aliyeniuliza kama nilivaa kofia (sheria ya Minnesota haikulazimishi, ingawa mimi naivaa). Waliniuliza: barabara hiyo ni ya nani? Nikacheka. Barabara ni ya serikali, ya nani tena? Kumbe huku kuna barabara za mji, za kaunti na za jimbo, na zote zaweza kukutana kwenye makutano mamoja. Mimi nilikuwa nimepiga simu ofisi moja miezi minne nikilalamikia kona ile, wananipokea vizuri, wanaandika, halafu kimya. Barabara haikuwa yao. Hakuna aliyenidanganya, ila hakuna aliyejisumbua kuniambia.

Tulipogonga mlango sahihi, jambo la pili tuliloliuliza ni lini lami itarudiwa. Hiyo ndiyo siri ya kazi hii, ndugu. Ukienda kuomba njia ya baiskeli mwaka wa kawaida, utaambiwa hakuna fedha. Ukienda kabla ya lami kurudiwa, mistari yote itafutika na kuchorwa upya kwa vyovyote vile, kwa hiyo unachoomba ni ichorwe kwa namna nyingine. Tulipata nusu: njia za magari zimepunguzwa upana, kuna mstari wa baiskeli, ila hakuna kizuizi chochote katikati. Na majira ya baridi mashine ya theluji inausukumia uchafu wote kwenye mstari wetu. Hilo bado tunalipigania.

Mambo mengine ni ya sheria, si ya lami. Bungeni St. Paul, mji mkuu wa jimbo, nilikwenda mara ya kwanza na mzee mmoja fundi umeme aliyestaafu. Alinipa mrija wa sponji, ile wanayoelea nayo watoto bwawani, rangi ya chungwa, kaukata urefu wa futi tatu. "Ufunge kwenye karia, uchomoze kushoto." Niliona aibu wiki nzima, halafu nikaona ajabu. Madereva walionipita wakinigusa mkono wa koti sasa walihama njia nzima. Sponji haiwezi kukwaruza chochote, lakini wao hawajui. Wanaihurumia rangi ya gari kuliko mbavu zangu.

Ule mrija tuliingia nao hadi ofisini kwa mwakilishi wetu. Bunge la hapa lina maseneta 67 na wawakilishi 134, kwa hiyo wa kwako hayuko mbali nawe kama unavyodhani. Mimi wakati huo nilikuwa na green card tu, yaani kibali cha kuishi Marekani, kura sina. Walichoniuliza ni anwani yangu. Tulipewa dakika kumi na msaidizi wake, binti mmoja hivi, na tano kati ya hizo zilikwisha akitaka kujua makutano ninayoyasema ni yapi hasa, kwa sababu mama yake anaishi karibu.

Mwaka 2023 sheria ilibadilishwa. Sasa dereva anayekupita ndani ya njia ile ile akuachie futi tatu au nusu ya upana wa gari lake, chochote kilicho kikubwa, maana yake lori likuachie zaidi ya futi nne. Tena kwenye kibao cha kusimama unaruhusiwa kupunguza mwendo na kupita kama hakuna mtu wala gari karibu, jambo ambalo jimbo la Idaho wameliruhusu tangu 1982. Taa nyekundu bado unasimama, usije ukasema nilikudanganya. Sisemi mrija wangu ndio uliopitisha sheria. Walikuwapo watu waliohangaika nayo miaka kabla mimi sijaijua theluji.

Kwa hiyo ada lipa, si nyingi, lakini usiishie hapo. Nenda kwenye kikao kimoja, hata ukisinzia. Sisi wa zamu za usiku tunapita barabarani saa ambazo wao wamelala, na pale tunapokaribia kugongwa wao hawapajui mpaka tuwaambie.

Mengine ya haraka: usiku taa nyeupe mbele na kiakisi chekundu nyuma ni sheria, mimi naongeza na taa nyekundu ya kumeta. Kuelekea Minneapolis fuata njia ya Shingle Creek, usijipe presha na barabara kubwa. Basi la Metro Transit lina mahali pa kupachika baiskeli mbele, dereva atakusubiri. Baridi ikiingia utahitaji tairi za misumari, zinazoshika barafu. Ninazo jozi moja za zamani, inchi 26, misumari kadhaa imeng'oka upande mmoja. Kama rimu yako inalingana, nitumie ujumbe uje uzichukue kabla ya Novemba.