Mzee wa Studio Anajibu: Laki tano, lenzi pana na milima ya Kongo

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa Ujiji. Napiga picha za harusi na maulidi, lakini moyo wangu uko kwenye mandhari. Nina kamera ya Canon 700D na lenzi yake ileile ya milimita 18-55 iliyokuja ndani ya boksi. Kila nikisimama Bangwe, hapa Kigoma, jioni kupiga Ziwa Tanganyika na milima ya Kongo kule ng'ambo, naona picha imebana, ziwa haliingii lote. Nimedunduliza laki tano. Dar kuna muuzaji ana Canon 10-18 ya mtumba, mwingine ana Tokina 11-16, wa tatu ana Samyang ya milimita 14. Hapa mjini nimeonyeshwa pia kilenzi cha kuzungushia mbele ya 18-55, bei chee, eti kinapanua. Ipi itanipa ziwa lote pamoja na milima?
Msomaji, Ujiji

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na jambo ambalo hakuna muuzaji atakayekwambia: picha unayoitaka pale Bangwe haihitaji lenzi pana. Ukiipiga kwa lenzi pana utarudi nyumbani umenuna.

Sababu ni hii. Milimita zikipungua, lenzi inaona pana zaidi. Lenzi yako ikiwa kwenye 18 inaona nyuzi 74 hivi kutoka kona hadi kona. Ukiweka 10, inaona zaidi ya nyuzi 107. Huo upana wote lazima uenee kwenye sensa ileile, yaani kile kibao cha ndani ya kamera kinachopokea picha, kwa hiyo kila kilicho mbali kinasinyaa. Ile milima ambayo tayari unaiona midogo, ukitumia 10 itabaki na kimo cha nusu na ushee kidogo tu. Utapata maji mengi, mawingu mengi, na katikati ustari wa bluu ambao itabidi uwaeleze watu kwamba ni Kongo.

Sasa fanya hivi, na hela yako iache mfukoni kwanza. Nenda Bangwe na hiyohiyo 18-55. Vuta mpaka 35, au hata 55. Isimamishe kamera wima. Weka kila kitu kwa mkono: mwendo wa shata (muda ambao mwanga unaruhusiwa kuingia), tundu la lenzi linalopitisha mwanga, ISO (wepesi wa sensa kushika mwanga), mpaka rangi ya mwanga usiiache kwenye otomatiki, la sivyo kila kipande kitakuwa na anga lake. Anza kushoto, piga, geuka kidogo, piga tena, ukihakikisha kila picha inalalia iliyotangulia kwa theluthi moja. Zunguka hivyo mpaka mwisho wa kulia, kisha ziunge kwenye kompyuta. Programu ya Hugin ni ya bure na kazi hiyo inaiweza. Hapo utapata ziwa kwa upana wake na milima ikiwa milima kweli. Mawimbi ya karibu yanaweza kukataa kuungana vizuri, kwa hiyo panda juu kidogo, ufukwe usiwe mbele yako kabisa.

Chagua na msimu pia. Mwezi wa saba na wa nane, vumbi na moshi wa nyika inayochomwa vinameza ng'ambo yote. Unaweza kukaa wiki nzima usiione Kongo. Subiri mvua zianze. Asubuhi baada ya mvua ya usiku unaona hadi mikunjo ya milima. Na hao wanaofundisha mtandaoni wakiwa Dar wakikwambia jua linazama saa kumi na mbili na nusu, usikunje vitu vyako mapema. Sisi tuko magharibi, jua letu linakawia takriban dakika 40 nyuma ya lao. Saa moja jioni ndiyo kwanza kazi imeanza.

Hilo la Bangwe limekwisha. Je, lenzi pana uiache? Hapana, inunue, ila ujue unanunulia nini. Nenda Katonga au Kibirizi wakati dagaa wameanikwa mchangani. Piga magoti karibu kabisa na pua ya mtumbwi, au na rundo la nyavu, karibu kiasi kwamba ukinyoosha mkono unagusa. Hapo ndipo 10 inapofanya kazi yake: pua ya mtumbwi inajaa mbele, mchanga unakimbilia majini, anga linafunguka juu. Mwenye 18-55 akisimama palepale anapata ubao wa mtumbwi na kipande cha ziwa. Lenzi pana inalipa ukiwa na kitu cha kukisogelea, na fukwe zetu vitu hivyo haziishiwi.

Kabla hujalipa, jipime. Fungua picha zako za mandhari za karibuni kwenye kompyuta, uangalie kila moja ilipigwa kwa milimita ngapi, maana kamera huandika. Ukikuta nyingi ni 18, na unakumbuka ulikuwa unarudi nyuma hadi mgongo ukagota ukuta, lenzi pana ni haki yako. Ukikuta nyingi ni 45 na 55, wewe jicho lako linapenda vya mbali, na laki tano zako zinatafuta lenzi nyingine kabisa.

Katika hizo tatu, kama umeshajipima, chukua Canon 10-18. Ni nyepesi, gramu 240, na ina kitulizi cha mtikisiko, ambacho kitakusaidia jioni ukiwa huna stendi. (Kitulizi kinatuliza mikono yako tu. Mtumbwi unaoyumba utaendelea kuyumba, kwa hiyo ongeza mwendo wa shata.) Pete yake ya kufungia ni ya plastiki na watu wanaisema vibaya kwa hilo. Mimi silijali, ila usiibebe kamera kwa kushika lenzi. Tundu lake ni dogo, f/4.5 hadi 5.6 (namba ya f ikipanda, tundu linabana), lakini mandhari utayapiga kwa f/8 au f/11, kwa hiyo tundu kubwa zaidi ungelilipia bure. Ilipotoka mwaka 2014 iliuzwa dola 299 Marekani, ikiwa mpya kwenye boksi. Mtu akikutajia mtumba kwa bei ya kukaribia hapo, mwambie asante na ukate simu.

Tokina 11-16 ni lenzi nzuri na inasifiwa kwa haki. Tundu lake la f/2.8 linafaa kwa nyota, na kwa harusi za ukumbini kwenye taa hafifu. Lakini ina zaidi ya nusu kilo, zumu yake inaanzia 11 na kuishia 16 tu, na ukiielekeza kwenye jua inamwaga madoa ya mwanga. Sisi huku Kigoma machweo yote yako ziwani, mbele ya uso wako. Ningekuwa Dar na kazi zangu ni za kumbini, ningebishana na nafsi yangu. Kwako wewe, hapana.

Samyang 14 haina fokasi otomatiki, na ile ya kawaida ya Canon isiyo na chipu tundu lake unalizungusha mwenyewe kwenye lenzi. Hilo unaweza kulizoea. Tatizo ni kioo chake cha mbele kilichovimba, hakipokei filta ya kuzungushia, na ufukweni mchanga unaruka. Halafu inapindisha mistari kwa umbo la wimbi, na sisi mstari wetu mkubwa ni upeo wa ziwa, jicho la mtu yeyote linauona ukipinda. Kwenye sensa yako ndogo mpindo unapungua, na upana nao unapungua: hiyo 14 kwako inakuwa sawa na 22 ya kamera ya fulu-fremu, yenye sensa kubwa kama kipande cha filamu. Hesabu hiyo ya kuzidisha kwa 1.6 ishike, itakuokoa na wengi. Enzi zetu za filamu milimita 28 ilikuwa lenzi pana ya heshima, na bado ziko mtaani kwa bei ya kuvutia. Kwenye 700D yako inakuwa kama 45, yaani pana haipo tena.

Kilenzi cha kuzungushia mbele, kiache. Katikati kinajitahidi, pembeni ni uji.

Ukipatana na muuzaji, usitume hela kwa simu lenzi ikiwa hujaiona. Mtume ndugu aliye Dar, naye umwelekeze. Awashe tochi ya simu, aimulike lenzi kutoka nyuma huku akichungulia mbele. Vumbi mbilitatu si neno. Akiona nyuzi zimetandaa ndani kama utando wa buibui, huyo ni fangasi, arudishe hata kama bei imeshuka nusu, maana unyevu wa huku utamlea vizuri sana. Azungushe zumu taratibu akisikiliza kama mchanga unakwaruza. Kisha aifunge kwenye kamera, asimame mbele ya ukuta wa matofali, apige kwa 10 tundu likiwa wazi kabisa, na aikuze picha atazame kona zote nne. Kona zote zikififia kidogo kwa usawa, ni kawaida. Moja ikiwa na ukungu na nyingine tatu ni safi, hiyo lenzi iliwahi kuanguka, liwe limesemwa au halikusemwa.

Ikishafika, mambo machache ya matumizi. Kwa 10 na f/8, weka fokasi kwenye kitu kilicho sentimita 70 hivi kutoka kwako, halafu zima fokasi otomatiki. Kuanzia sentimita 35 hadi ng'ambo ya ziwa vyote vitasomeka. Usibane tundu hadi f/22 ukidhani unaongeza ukali; ukipita f/16 picha yote inalegea. Upeo wa ziwa ukiuweka karibu na katikati ya fremu unanyooka, ukiupandisha juu kabisa au kuushusha chini unapinda. Stesheni yetu, ile iliyojengwa wakati reli ya Wajerumani ilipofika hapa mwaka 1914, ukiinua kamera kuitazama itaonekana inalala chali. Shika kamera sawasawa, rudi nyuma, ukate baadaye nafasi iliyozidi chini. Stesheni na bandarini omba ruhusa ofisini kwanza, usije ukapoteza kadi na siku nzima. Wavuvi nao uwaombe. Wengi watakukubalia, na atakayekataa mwache na dagaa wake.

Usimweke mtu pembeni ya fremu kwa 10, atavutika kichwa. Ukijaribu hivyo na bibi harusi utarudisha hela za watu.

Filta ya kukoza anga kwenye lenzi hii, usihangaike nayo. Kwa upana ule anga linatoka na doa la bluu nzito upande mmoja na weupe upande mwingine. Kama ni kwa ajili ya kuondoa mng'aro kwenye maji ya karibu, sawa, nunua ya milimita 67. Ziwa letu ni maji baridi, hutapata ule ukungu wa chumvi unaowasumbua wenzetu wa pwani, lakini magamba ya dagaa yakikauka kwenye kioo hayatoki kwa kufuta na shati. Beba kitambaa laini na uanze kwa kupuliza.

SWALI: Mzee, mimi sina kamera. Simu yangu ina ile lenzi pana ya 0.5. Inatosha kwa milima ya huku kwetu Kasulu?
Msomaji, Kasulu

JIBU: Mchana kwenye mwanga mzuri, inatosha kabisa kwa picha za kutazama kwenye simu na hata za kuchapa ndogo. Giza likianza kuingia, rudi kwenye 1, yaani lenzi kuu, kwa sababu mara nyingi sensa ya 0.5 ni dhaifu kuliko ile kuu. Angalia pia kama 0.5 yako inashika fokasi ya karibu: simu nyingi za bei nafuu zimefungiwa fokasi moja, ua ulilolisogelea linatoka ukungu na kilima cha nyuma kinatoka safi. Kama ndivyo, vilima vyako vipige kwa panorama ya lenzi kuu, simu ikiwa wima, na uzunguke polepole. Nililomwambia kijana wa Ujiji kuhusu milima kusinyaa linakuhusu na wewe.

SWALI: Nina Nikon D3100. Kuna mtu ananiuzia Nikon 10-20 AF-P, karibu mpya, bei nzuri. Nichukue?
Msomaji, Uvinza

JIBU: Usichukue. Lenzi yenyewe ni nzuri, ilitoka 2017, ina gramu 230 tu, ila D3100 ni ya kabla ya teknolojia hiyo ya AF-P, mota ya fokasi ya aina mpya. Itafunga vizuri, utafurahi, kisha fokasi haitafanya kazi, hata ya mkono, kwa sababu pete yake inategemea umeme wa kamera. Tafuta Sigma 10-20 ya f/4-5.6 yenye herufi HSM, hiyo ina mota yake ndani na D3100 inaelewana nayo. Ni nzito zaidi na ni ya zamani, kwa hiyo jaribio la tochi na la ukuta wa matofali nililoeleza hapo juu lifanye bila kuruka hata hatua moja. Na huyo anayekuuzia, muulize kwanza kama anajua una kamera gani.