Oksalisi yangu imekufa?

SWALI: Mhariri, nina oksalisi yenye majani ya zambarau, ambayo dada yangu alinipa mwaka jana ikiwa imestawi vizuri. Wiki chache zilizopita majani yalianza kulegea na kukauka, moja baada ya jingine. Nimekuwa nikiimwagilia kila siku, nikaitia na mbolea, lakini sasa chungu kimebaki udongo mtupu. Je, nimeiua?

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali usikimwage chungu hicho. Kwa maelezo yako, yaelekea mmea umeingia katika mapumziko, jambo la kawaida kwa Oxalis triangularis, ambayo asili yake ni Amerika ya Kusini na ambayo huweka akiba ya chakula katika vishina vidogo vyenye magamba, vilivyojificha chini ya udongo. Kinachonitia wasiwasi ni hayo maji ya kila siku, kwa sababu mmea usio na majani hauna matumizi nayo, na vishina vikikaa kwenye tope huoza. Mbolea nayo haikuhitajika.

Fukua kwa kidole sentimita 3 au 4, utoe kishina kimoja na kukibonyeza. Kikiwa kigumu, ni kizima. Kikiwa kimelainika, kinateleza na kunuka, kitupe. Vilivyo vizima vihamishie kwenye udongo mpya mwepesi, katika chungu chenye matundu chini, uviache kivulini bila maji kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Baada ya hapo sogeza chungu penye mwanga wa kutosha lakini pasipo jua kali, umwagilie kidogo, na usiongeze maji mpaka udongo wa juu ukauke. Machipukizi yatatokea yakiwa yamejikunja kama miavuli midogo iliyofungwa, nami nakiri kwamba sijui mmea mwingine wa chungu unaofurahisha hivyo kuutazama ukiamka. Mbolea isubiri hadi majani yakunjuke.

Majani yakirudi, usije ukashtuka jioni. Kila jani lina vipande vitatu vya pembetatu, ambavyo giza likiingia hujikunja kuelekea chini, kwa kuwa chembe zilizo kwenye maungio yake hubadilisha kiasi cha maji zilichobeba, kisha asubuhi hufunguka tena. Ili kutofautisha usingizi huo na kunyauka, tazama kikonyo: jani lililolala hubaki juu ya kikonyo kilichosimama, ilhali jani linalonyauka huangusha kikonyo chenyewe hadi kikalala ukingoni mwa chungu.

Chungu kiwekwe mbali na paka na mbwa, maana majani yana asidi ya oksaliki, inayoweza kuwadhuru wakiyala.

Hata ukikuta vishina vingi vimeoza na kimoja tu kimesalia kigumu, kipande hicho kinatosha kuanzisha mmea upya.