Umealikwa kwanjula Uganda? Mimi nilienda Masaka, soma kabla hujanunua zawadi

Dada umeuliza kwamba rafiki yako Mganda kakualika kwenye harusi ya dada yake, uvae nini, ubebe zawadi gani, na utaambulia nini wakati Kiganda hujui. Kwanza muulize vizuri, ni kwanjula au ni kanisani? Maana ni vitu viwili tofauti. Kanisani ni kama kwetu tu, shela, keki, emsii anapiga kelele. Kwanjula inafanyika nyumbani kwa kina binti, ndo bwana harusi anatambulishwa na kutoa mahari, yani chukua posa, mahari na sendofu vichanganye siku moja, ndo hiyo sasa.

Mimi nilienda Desemba 2022, rafiki yangu tulisoma wote Mwanza, kwao Masaka, anayeolewa mdogo wake. Nilikosea kitu kimoja kikubwa, nilidhani naenda kuangalia. Nimejaza chaji kwenye simu, nimebeba powabenki, najua nitakaa kwenye tenti kama mgeni nipige picha. Wewe ukifikia nyumbani kwa binti ushakuwa mtoto wa nyumba hiyo, utapangiwa kazi kama wenzio.

Saa tatu asubuhi mama mtu ananiita chumbani, kitandani kuna gomesi imenyooshwa, ndo gauni la heshima la wanawake wa Kiganda. Kwenye picha unaona mabega yaliyosimama, vifungo viwili upande wa kushoto na mkanda mpana wa kung'aa. Usichokiona ni kwamba ndani unaviringishwa kikoi kwanza, nao wanaita kikooyi, kinakunjwa kunjwa ili hipsi zitokeze, na mimi mwembamba wakaona hakitoshi wakaongeza na shuka. Nimekaa na huo mzigo mpaka jioni. Chooni usiulize. Kwaiyo jibu la uvae nini ni hilo, usishone chochote, mwambie rafiki yako mapema akutafutie gomesi ya kuazima, na chini vaa kitu chepesi sana. Wanaume ni kanzu na koti juu, na kanzu ni neno letu kabisa, vazi lilipanda kule na wafanyabiashara wa pwani karne ya 19, ila ukimwambia Mganda kwamba hilo vazi si la kwao jiandae kwa ubishi. Gomesi nayo jina limetoka kwa fundi wa Kigoa aliyeitwa Gomes. Basi kila mtu pale kavaa cha kuja na hakuna anayejali.

Upande wa bwana harusi walitakiwa wafike saa nne, wamefika saa saba kasoro. Hapo ndo utamu unapoanza maana kila upande una msemaji wake, omwogezi, na hawa watu wanalipwa kwa ajili ya mdomo. Wa kwetu akawazuia getini, akawaambia sisi hatumsubiri mtu leo, labda mmepotea mnaenda msibani. Wakalipa faini ya kuchelewa. Wameingia, mmoja wao kakosea kusalimia, faini tena. Mi sielewi neno ila nacheka kwa sababu shangazi aliyekaa pembeni yangu analia kwa kicheko. Wakaja kwenye koo, kila upande unataja muziro wake, yani mnyama wa ukoo wao asiyeliwa, maana wa muziro mmoja hawaoani, na hapo watu walitulia kweli, hakuna utani.

Afu wanatoka mabinti kwa makundi kuwasalimia wageni. Kundi la wadogo, kundi la dada, mashangazi. Nikasukumwa kwenye kundi la dada. Tunatoka na muziki, hatua ndogo ndogo, tunafika mbele tunapiga magoti kwenye mikeka, tunasema mukulike, ndo salamu ya kumpokea aliyetoka safari, wao wanaitikia awo. Goti langu limetua kwenye kokoto chini ya mkeka, nimekunja sura, msemaji wa wageni akaniona akanitolea macho, akaniuliza kwa Kiganda wewe muziro wako nini. Nikabaki naangalia tu. Ssenga, ndo shangazi mtu, akadakia kwamba huyu katoka Tanzania, yule bwana akauliza kumbe tunatolea mahari nchi mbili? Tenti zote zikaanguka kwa kicheko. Tukapewa bahasha kila mmoja, ya kwangu ilikuwa na elfu tano ya Uganda, sijaitumia mpaka leo.

Ssenga ndo mwenye shughuli. Yeye ndo anapita kwenye viti vya wageni kumtafuta bwana harusi aliyejichimbia katikati ya wenzake kama hayumo, anamuinua na kumbandika ua kifuani. Baada ya hapo vinaingia vitu, wanawake wamebeba vikapu kichwani mstari hauishi, sukari, chumvi, sabuni, nyama, pombe, kanzu ya baba, gomesi za mama na ssenga, na jogoo wa muko, huyo ni kaka wa bibi harusi, bila jogoo wake shughuli haijakamilika. Bibi harusi alibadilisha nguo mara nne nikaacha kuhesabu.

Sasa la lugha. Jioni tunakula, matoke na kuku wa luwombo aliyepikwa ndani ya jani la mgomba (huyo kuku acha tu), nikaenda kumsalimia babu mmoja wa ukoo, nikapiga goti vizuri nikasema shikamoo. Mzee akanyamaza, uso umebadilika. Rafiki yangu akanivuta kando akaniambia wazee wengi huku Kiswahili walikisikia kwa wanajeshi enzi za Amin, mtu akikusemesha Kiswahili usiku alikuwa anataka gari lako au roho yako. Nikaishiwa nguvu. Baadae mzee mwenyewe akaniita, kaambiwa natoka wapi, akanishika mkono akasema "bakombozi", yani wakombozi, afu akaendelea kwa Kiswahili kizuri tu ila chote cha amri, kaa hapa, kula, usiogope. Akanionyesha kwa kidole upande wa mjini, akasema 1979 pale palikuwa hapana kitu. Na ni kweli, Masaka ilibomolewa na mizinga, na mizinga yenyewe ilikuwa ya jeshi letu likimfukuza Amin, na huyu mzee ananiita mkombozi. Sikujua niseme nini, nikasema weebale ssebo, yani asante bwana, nikaendelea kukaa. Kwaiyo wewe jifunze mukulike, weebale, ssebo, na nyabo kwa wanawake, Kiswahili waachie wao waanze.

Zawadi: mimi nilibeba seti ya vyombo imefungwa na maua, nikaja kugundua siku hiyo zawadi zinatoka upande wa bwana harusi, sisi ndo tunapokea. Nikaificha chini ya kitanda, bibi harusi akaja kupewa kanisani. Kilichopendwa ni doti mbili za khanga nilizompa mama mtu usiku uliotangulia, chumbani, bila sherehe. Mchango nao jiandae, kamati wanazo kama sisi, niliingizwa kwenye grupu la WhatsApp la bajeti kabla hata sijakata tiketi.

Njia: nilipanda meli ya MV Victoria usiku Mwanza hadi Bukoba, asubuhi gari mpaka Mutukula mpakani, pale mnagongewa mihuri ya nchi zote mbili jengo moja. Usisahau kadi ya homa ya manjano, mimi niliulizwa. Badili hela kidogo tu ya nauli, na hesabu noti mwenyewe palepale mbele yao, mimi sikuhesabu nikafika Kyotera nauli imepungua, konda akanikopesha.

Grupu la bajeti sijatoka mpaka leo, juzi wamebadilisha picha, wameweka ya mdogo wao wa mwisho.