Soma alama kabla hujagusa jino la gia
Kijana unayeanza kazi ya gia hapa Moshi, uwe umetoka chuo au umekulia gereji, jino likivunjika usikimbilie kulaumu chuma. Tazama limevunjikia wapi. Kama ufa umeanzia pembeni, na meno mengine yamelika upande huohuo, basi mzigo ulikuwa unabebwa na kipande kidogo tu cha upana wa jino.

Shafti ikibeba mzigo hupinda, beringi hulegea, na boksi la gia lenyewe hujinyonga. Pinioni, yaani gia ndogo, iliyoning'inia nje ya beringi ndiyo huinama zaidi. Kwa hiyo meno yanayolingana vizuri mezani huenda yasilingane kazini. Dawa yake ni kulitunisha jino katikati na kulipunguza pembeni, ili hata shafti ikiinama mguso usifike ukingoni. Kinachoondolewa ni kidogo mno: gia nyingi za viwandani huhitaji mikroni 10 hadi 30 hivi, na unywele wa mtu una kama 70. Ukizidisha, mzigo unarundikana katikati na uso unaanza kuchimbika vishimo.

Ncha ya jino nayo hupunguzwa. Jino lenye mzigo hupinda, linalofuata linawahi kugusa na kugonga, gia inalia.

Kazi hii ni ya mashine ya kusaga gia. Tafadhali sana, usitumie grainda ya mkono! Inaharibu umbo la jino, na joto lake linalainisha uso uliokomazwa kiwandani.

Ila kwanza paka rangi. Futa oili yote, paka rangi ya bluu ya kukagulia, nyembamba, kwenye meno machache ya pinioni, zungusha kwa mkono huku mwenzako akiizuia kidogo gia kubwa, kisha soma alama ambayo rangi imeacha pale meno yalipogusana. Jino lililotunishwa, bila mzigo, huacha alama fupi katikati; mzigo ukija itatanuka. Kwenye krauni, yaani gia kubwa ya difu, mafundi wa malori huiacha ielekee kidogo upande wa ndani, maana mzigo huisukuma nje. Alama ikikaa ukingoni, pima shafti, kagua beringi, panga shimu, yale mabati membamba ya kurekebisha nafasi. Jino liache mpaka hayo yamekaa sawa.

Ukishafunga, endesha kwa mzigo mdogo, fungua mfuniko utazame tena. Piga picha ya alama, andika tarehe na namba ya mashine, ili atakayefungua baada yako awe na cha kulinganisha.