Gari la zamani likinuka esanse: kwa wadogo wanaoanza garaji

Coccinelle (Volkswagen Beetle) au Peugeot 504 ikiingia garaji inanuka esanse (petroli), msikimbilie kumwambia mteja anunue kabureta nyingine. Pimeni kwanza esanse yenyewe. Hapa Lubumbashi inafika kwa malori ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na huko kusini ziko nchi zinazotia ethanoli, yaani alkoholi, ndani ya esanse: Malawi tangu 1982, Zimbabwe kwa sheria. Gari lililojaza tanki safarini linaweza kurudi na mchanganyiko, na kwa macho hamtaujua.

Tafuta chupa nyembamba ya kioo yenye alama za mililita. Tia maji 10, jaza esanse mpaka 100, ziba, tikisa dakika moja, legeza kifuniko hewa itoke, kisha iache itulie dakika 10. Fanyia nje, mbali na mbabula. Esanse isiyochanganywa inauacha mstari wa maji palepale kwenye 10. Ukipanda hadi karibu 19, ethanoli mililita 9 hivi imeiacha esanse na kuingia kwenye maji. Hiyo ni asilimia 10 ya zile mililita 90 za esanse.

Mipira mingi ya kupitisha na kuziba esanse katika magari hayo ni nitrili ya zamani, aina ya mpira wa kutengenezwa. Ikilowa ethanoli inavimba na kulainika, na kwa muda inaweza hata kuziba vizuri kuliko mwanzo. Balaa linakuja ikikauka. Gari likilala wiki kadhaa, au likirudishiwa esanse tupu, mpira unasinyaa, na vilainishi vyake vimekwisha kuoshwa, basi unabaki mgumu, mdogo, wenye nyufa. Mteja akiapa kwamba juzi haikuvuja, mwaminini.

Kateni tiyo (bomba la mpira la esanse) kuukuu kwa urefu muone. Nje inang'aa, ndani kidole kinatoka na punje nyeusi kama masizi. Punje hizo zikikaa chini ya sindano ya boya, ile inayofunga esanse kabureta ikijaa, kabureta inafurika hata kama sindano ni mpya. Kwa hiyo tiyo zinabadilishwa zote pamoja, hata ile fupi ya chini ya tanki ambayo kila mtu anaisahau. Someni maandishi ubavuni: tiyo ya kiwango cha SAE J30R9 ina utando wa ndani unaostahimili ethanoli. Pete ndogo za kuzibia na ncha ya sindano ziwe za Viton, mpira unaostahimili ethanoli. Rangi ya kahawia au kijani si ushahidi. Pima pete kwa kaliper, iloweke siku tatu katika esanse ileile ya mteja, pima tena. Ikivimba sana, irudishe dukani.

Membrani (utando wa mpira) ya pompe ya esanse ndiyo ya kuogopwa zaidi. Kwenye pompe inayosukumwa na injini, ikitoboka, esanse inaweza kushukia kwenye oili. Vuta kijiti cha oili: kiwango kimepanda na kinanuka? Usiwashe. Badilisha membrani, mwaga oili, weka mpya. Na tafadhali, msikate membrani kwenye mpira wa ndani wa tairi. Unavimba katika esanse yoyote, yenye ethanoli au isiyo nayo. Silikoni ya kubandika nayo ni hivyohivyo: inalainika, inamenyeka, inaziba jikle, yaani vitundu vya kupimia esanse ndani ya kabureta.

Ethanoli pia inang'oa uchafu ulioganda kwenye tanki miaka mingi. Wekeni filta ya plastiki inayoonyesha ndani, na ya pili iwe tayari. Ya kwanza inaweza kuziba kabla tanki halijaisha.

Jikle msiziguse haraka. Ethanoli inafanya mchanganyiko wa hewa na esanse uwe mkavu kidogo, yaani hewa izidi, lakini mji wetu uko mita 1,200 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na kabureta iliyopangwa kwa nchi ya chini huku inatia esanse kupita kiasi. Mawili hayo yanapunguzana. Angalieni rangi ya plagi kwanza.

Kazi ikiisha, acha injini ipate moto, zima, ngoja dakika 10 joto lipande kwenye kabureta, kisha gusa kila kiungo kwa karatasi kavu. Rudia asubuhi, injini ikiwa baridi, kabla mteja hajaja.