Jibu: Siku ya kwanza Beijing na wanafunzi

Mwalimu, umeuliza kama mkitua asubuhi muende moja kwa moja Ukuta Mkuu. Usithubutu! Beijing iko mbele yetu kwa saa 5, kwa hiyo saa moja asubuhi ya kule mwili unajua ni saa nane usiku. Sisi tulijaribu, nusu ya watoto walilala kwenye basi.

Siku hiyo bakini mjini. Kasri la kale la wafalme linatosha, ila Jumatatu kwa kawaida hufungwa, na tiketi hukatwa mapema mtandaoni kwa namba ya pasipoti. Kila mtu abebe pasipoti yake yenyewe. Mmoja wetu aliiacha hotelini, tukamsubiri getini juani saa nzima. Mnaingia upande wa kusini, mnatokea kaskazini, kisha mvuke barabara mpande kilima cha Jingshan. Pale juu mapaa yote ya manjano yako chini yenu.

Waambie wazazi mapema kwamba WhatsApp na Google zimezuiwa kule. Alipay, programu ya simu ya kulipia vitu kule, iunganisheni na kadi ya benki mkiwa bado nyumbani.

Ah, na mezani msishangae kuletewa maji ya moto matupu. Ndiyo ya kunywa hayo.